Daftari, Kifusi na Ndege ya Jumanne: Kisa cha Mpiga Picha za Ndege Aliyezuiliwa Kiwanjani

Kisa hiki kilitokea katika mji mmoja wa pwani ya Tanzania. Nimeondoa jina la kiwanja, tarehe, na kila alama inayoweza kumtambulisha mtu. Kijana nitamwita Hamadi, jina lisilo lake. Ameyasoma haya yote kabla hayajatoka, na aliomba jambo moja tu lisiondolewe: yaliyompata binamu yake. Naandika nikiwa mlezi wa kundi letu la wapiga picha za ndege, na baadhi ya makosa yaliyomo humu ni yangu.

## Usuli

Hamadi alikuwa na miaka 19, mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika chuo cha ufundi, akiishi kwa shangazi yake kwenye mtaa ulio chini ya njia ya ndege zinazokuja kutua. Waliokulia mtaa ule wana tabia yao: mtu hukata maneno katikati, akangoja ndege ipite, kisha akaendelea pale pale alipoishia. Kabla ya kushika kamera Hamadi alikuwa na kaunta buku yenye jalada gumu, ameipiga mistari kwa rula: tarehe, saa, usajili, aina ya ndege, upande iliotokea, upepo. Safu ya mwisho, pana kuliko zote, aliipa kichwa "Maoni".

Usajili ndio moyo wa daftari la namna hii. Ndege ya Tanzania huanza na 5H, ya Kenya 5Y, ya Uganda 5X, ya Rwanda 9XR, ya Oman A4O, ya Falme za Kiarabu A6. Alama hizo hazina siri yoyote. Kiambatisho cha 7 cha Mkataba wa Chicago wa 1944 kinataka herufi zake zisipungue sentimita 30 kwenda juu ubavuni na sentimita 50 kwenye bawa. Zimepakwa ili zisomwe, na mtazama ndege ndiye anayezisoma.

Kamera aliipata baadaye, ya mtumba, kutoka kwa mjomba wake, pamoja na lenzi ya milimita 70 hadi 300. Hapo ndipo alipojiunga nasi. Kundi letu lilikuwa la watu wanane: fundi umeme, wanafunzi watatu, muuza duka, dereva wa daladala, muuguzi, na mimi niliyeanza zamani za filamu. Mambo yetu yote yalipita kwenye kundi la WhatsApp.

Nilichowafundisha ni mwanga na upepo. Jua liwe mgongoni. Picha zipigwe mapema, kwa sababu ikifika saa nne asubuhi lami imeshapata moto na mazigazi yanacheza juu ya njia ya kurukia. Hapo hata lenzi ya bei kubwa itakupa ndege iliyopindapinda kama inaonekana ndani ya maji. Upepo nao ndio unaokwambia ukae upande gani, maana ndege hutua na kuruka ikiukabili. Mfano mzuri wa kujifunzia ni Zanzibar, ambako njia ya kurukia imelala kusini na kaskazini na ina namba 18 na 36. Namba hizo ni nyuzi za dira zilizoondolewa sifuri ya mwisho: 180 ni kusini, 360 ni kaskazini. Kaskazi ikivuma, ndege zinatua zikielekea kaskazini. Kusi ikishika, zinageuza. Wavuvi wetu wamezijua pepo hizi karne nyingi kabla ya kiwanja chochote kujengwa, na kijana wa pwani hahitaji kufundishwa mara mbili.

Sheria sikuwafundisha. Nilijua kwamba Tanzania ina Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inayozungumzia maeneo yanayolindwa, na kwamba Kenya ina sheria yake ya maeneo yanayolindwa, Sura ya 204. Nilijua pia kwamba viwanja vyetu vingi hutumiwa na raia na dola kwa pamoja, na upande mmoja wa lami unaweza kuwa wa watalii na mwingine wa jeshi. Niliyaacha hayo kwa sababu sisi tulikuwa tukisimama nje ya uzio, na niliona nje ya uzio panatosha.

## Kifusi

Mahali penyewe palikuwa kifusi kilichoachwa na wajenzi wa barabara, kimo chake kama mita mbili, kimeota majani. Ukisimama juu yake jicho linapita juu ya waya wa uzio. Asubuhi jua linatoka nyuma yako, na katika msimu wa kusi ndege inagusa lami mbele yako kabisa, karibu kiasi cha kuona moshi wa tairi na kusikia mlio wake. Hamadi alisimama pale miezi minane, kila Jumamosi na siku nyingi za kabla ya vipindi vya chuo. Mama muuza vitumbua wa njiani alimjua. Mjumbe wa mtaa alimjua. Mlinzi wa kampuni binafsi aliyezunguka na uzio kwa miguu alikuwa akimpungia mkono.

Hakuna hata mmoja wa hao mwenye mamlaka juu ya kiwanja. Jambo hili tuliliona kwa uchungu baadaye.

## Jumanne hadi Alhamisi

Jumanne asubuhi ilitua ndege ya serikali ya nchi nyingine ikimleta mgeni rasmi. Hamadi alikuwa kifusini. Alipiga picha nne, na lazima niseme zilikuwa nzuri: ndege nyeupe, anga safi, mwanga wa saa moja na nusu umelala ubavuni kama mafuta. Lakini nyuma ya mkia zilionekana gari za msafara na askari waliojipanga.

Alirusha picha moja mtandaoni pale pale, kabla hajashuka kifusini. Chini yake aliandika aina ya ndege, jina la kiwanja, na maneno haya: "Imetua sasa hivi. Inaondoka kesho saa tano, nitakuwepo." Saa ya kuondoka aliipata kwa binamu yake, kijana wa usafi aliyekuwa na pasi ya kuingia ndani ya kiwanja na aliyesikia wenzake wakipangiwa zamu.

Picha ikasambaa kwenye makundi ya mji. Kwenye kundi letu niliiona saa tatu. Niliiangalia kwa muda, moyo ukanisita, kisha nikaandika, "Umetisha, kijana. Mwanga umeupatia." Ningeweza kuandika "futa". Nilichagua kusifu, kwa sababu picha ilikuwa nzuri na mimi ndiye niliyemfundisha kuupata mwanga ule.

Jumatano alizuiwa na mtihani wa chuo, hakwenda kupiga picha za kuondoka. Alhamisi saa kumi na mbili na nusu alfajiri alirudi kifusini kama kawaida. Askari wawili walikuja na pikipiki, wakaizima mbali kidogo, wakamalizia kwa miguu.

"Unafanya nini hapa?"

"Shikamoo afande. Natazama ndege."

"Ndege gani?"

Palikuwa na yangeyange wasiopungua ishirini kwenye majani kati ya uzio na lami. Mwenzetu mmoja aliwahi kushauri kwamba ukibanwa useme unatazama ndege wa porini. Ni wengi, na kamera ni ile ile. Hamadi anasema ushauri huo ulimpitia kichwani. Akajibu, "Hizi zinazotua, afande. Ndege za abiria."

Wakamchukua yeye, kamera, simu na daftari.

## Saa sita kituoni

Nilipigiwa na shangazi yake saa mbili. Nilipofika katika kituo kidogo cha polisi, Hamadi ameketi kwenye benchi bila mkanda wala viatu, na meza ya mkuu imetandazwa vitu vyake vyote. Hakupigwa, wala hakutukanwa. Alikuwa ameogopa.

Waliokuwa wakimhoji walianza na simu, na simu ndiyo iliyotuletea matatizo makubwa. Kwenye kundi letu tulikuwa tukiandikiana kama watu wanaojuana. Afisa mmoja alisoma kwa sauti ujumbe wa wiki mbili nyuma, ulioandikwa na muuguzi wetu, mama mpole kuliko sote: "Kesho tuivizie ile ya Oman, mimi nitaipiga ikiinuka." Akasoma mwingine wa Hamadi: "Nimeivizia tangu alfajiri, nimeipiga mara sita." Akainua macho akaniangalia.

Sisi tulishaacha zamani kusema "kupiga picha". Tulisema kupiga. Katika chumba kile, karibu na kiwanja cha ndege, siku mbili baada ya mgeni rasmi, maneno yale yaliposomwa hata mimi niliyasikia upya.

Kisha akafungua daftari. Akapita kurasa za usajili na saa, kurasa nyingi, na uso wake haukulegea hata kidogo. Aliposimama ni kwenye safu ya Maoni. Akasoma: "Q400. 1/1000. Mapanga yameganda. Mbaya. Rudia 1/200."

"Mapanga gani haya?"

Hamadi, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi, aliongea kama Hamadi. Akaeleza kwamba Q400 ni ndege ya abiria ya pangaboi, yenye mapanga sita kwenye kila injini. Shata ya kamera ikifunguka na kufunga upesi mno, mapanga yanaganda kwenye picha, na ndege inaonekana kama imezimika angani. Q400 inaporuka, mapanga yake huzunguka mara 1,020 kwa dakika, yaani mara 17 kwa sekunde. Katika 1/200 ya sekunde kila panga linasogea nyuzi 30 hivi, nusu ya nafasi iliyopo hadi panga la pili, na kwenye picha unapata ukungu wa duara unaoonyesha uhai. Katika 1/1000 linasogea nyuzi sita tu. Ila ukishusha kasi ya shata, mkono nao lazima uifuate ndege bila kutikisika, na wake hutikisika. Ndiyo maana kila ukurasa umejaa majuto. Akaomba kamera, wakampa bila betri, akasimama kuonyesha namna ya kuzungusha kiuno, viwiko vimebana mbavuni.

Afisa akarudi kwenye daftari, akaanza kusoma safu ile moja tu, ukurasa baada ya ukurasa. "Mkono umetikisika." "Mazigazi, nimechelewa." "Waya wa uzio umeingia kwenye picha, sogeza lenzi iguse waya." "Nzuri! Nzuri sana!" Hiyo ya mwisho ilikuwa ya Airbus A220 ya asubuhi moja ya Jumapili, imepigwa mistari miwili chini.

Mjumbe wa mtaa alifika saa tatu na nusu pamoja na shangazi. Alisema anamfahamu kijana na familia yake na kwamba kusimama kwake pale si jambo jipya. Mkuu akamuuliza kama aliwahi kutoa taarifa yoyote kiwanjani kuhusu kijana anayesimama kwenye uzio na kamera kubwa. Mjumbe akakiri kwamba hakuwahi.

Saa sita na nusu mchana Hamadi aliachiwa bila kufunguliwa shauri, kwa sharti la kurudi baada ya siku tatu.

## Maamuzi yaliyofanywa, na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa wa Hamadi, kwenye kifusi: hakudanganya kuhusu ndege gani. Alinieleza sababu yake kwa maneno machache, kwamba kadi ya kamera ilikuwa na picha elfu moja na mia nne na hakuna hata moja ya yangeyange. Uongo ule ungedumu dakika tatu, na baada ya hapo daftari lisingemsaidia mtu, kwa maana lingekuwa daftari la mwongo.

Simu aliifungua alipoombwa. Hapa sitawaambia vijana kwamba ni lazima kufanya hivyo. Ni jambo la kumuuliza mwanasheria. Kwake yeye lilifanya mambo mawili kwa pamoja: lilileta maneno yetu mabaya mezani, na likaonyesha kwamba hakuna aliyemtuma.

Uamuzi wangu mmoja ninaousimamia hadi leo ni kuhusu kadi. Askari mmoja, kwa nia njema kabisa, alitaka kuifuta yote ili kijana aende zake nyumbani. Hamadi alikuwa tayari. Mimi nikamwomba mkuu isifutwe. Kila picha kwenye kadi ina tarehe na saa ndani yake, na kwa pamoja zilionyesha miezi minane ya ndege za abiria, Jumamosi baada ya Jumamosi, na picha nne tu za Jumanne ile. Kadi tupu ingebakiza ile moja iliyosambaa mitaani ikiwa ndiyo habari nzima ya Hamadi. Mkuu alikubali. Kadi ikatiwa kwenye bahasha, ikafungwa, sisi watatu tukatia sahihi juu ya gundi.

Tulikubaliana pia na wenzetu tusiandike chochote mtandaoni. Dereva wetu alikuwa ameshaandaa malalamiko marefu. Alitusikiliza, akayafuta.

## Matokeo

Kadi ilirudishwa baada ya siku kumi na moja. Picha nne za Jumanne zilifutwa mbele ya Hamadi, nyingine zote ziliachwa. Ujumbe wa mtandaoni aliufuta mwenyewe, ingawa nakala zake ziliendelea kuzunguka.

Binamu yake alinyang'anywa pasi ya kiwanjani kwa miezi mitatu. Kijana wa usafi asiye na pasi hana kazi, na mkataba wake ulikuwa wa kulipwa kwa siku. Ana mke na mtoto mchanga. Miezi ile mitatu alibeba zege. Hakuwahi kutoa siri kwa kukusudia. Alitaja saa ya ndege kwa ndugu yake anayependa ndege, jikoni, wakila. Hamadi aliuza lenzi yake akampa fedha, na hata hivyo hazikutosha. Hili ndilo aliloomba lisiondolewe.

Kundi lilimwandikia meneja wa kiwanja barua. Tulieleza sisi ni nani, tukaambatisha barua ya utambulisho ya serikali ya mtaa na nakala za vitambulisho vya NIDA, tukaomba mahali na muda maalumu. Tulitaja kwamba viwanja vingine hufanya hivyo waziwazi: kiwanja cha Manchester, Uingereza, kina bustani ya wageni kandokando ya njia ya kurukia, na ndani yake imewekwa Concorde, ndege ya abiria iliyoruka kwa kasi kupita sauti, yenye usajili G-BOAC. Baada ya wiki tano tuliitwa. Meneja alitusikiliza vizuri, akatoa ruhusa ya Jumamosi moja kila mwezi, watu wasiozidi kumi, wamevaa vizibao vya kung'aa, wakiwa na msindikizaji, kwenye kona karibu na gari za zimamoto.

Zilikuwa Jumamosi tano. Katika ile ya tatu muuguzi wetu aliona kwenye lenzi karatasi kubwa ya nailoni ikiburuzwa na upepo kuelekea lami, akamwambia msindikizaji, naye akapiga simu ya upepo, ikaondolewa. Kitu kidogo kwenye njia ya kurukia si kidogo. Julai 25, 2000, karibu na Paris, Concorde ilikanyaga kipande cha chuma cha sentimita 43 hivi kilichodondoka kutoka kwenye ndege iliyotangulia. Tairi likapasuka, tangi la mafuta likatoboka, na watu 113 wakafa, wanne kati yao wakiwa chini ardhini. Macho kumi yaliyozoea kuangalia lami ile ile ni mali ya kiwanja, na tunapenda meneja wengi walijue hilo.

Kisha meneja yule akahamishwa. Ruhusa ilikuwa ya mdomo. Msindikizaji alipoulizwa na uongozi mpya alikuwa na nini mkononi, hakuwa na kitu.

## Uchambuzi

Nianze na maneno, kwa sababu ndipo ninapoona kosa ambalo sikuwahi kuliona likielezwa. Shughuli hii haina jina linalojulikana kwetu. Mwingereza akisema anafanya nini kwenye uzio, msikilizaji ana picha kichwani mwake, hata kama anamdharau. Kwetu "natazama ndege" inaweza kuwa ya wale wanaotaga mayai, na Kiswahili kinakupa njia moja tu ya kutofautisha: ndege wa, au ndege za. Hamadi aliokolewa na "hizi". Lakini tulipokosa jina tuliazima maneno ya wawindaji: kuvizia, kupiga, kuinuka, mapanga. Kati yetu yalikuwa matamu. Kwa mtu ambaye kazi yake ni kulinda kiwanja, yanasomeka kama yalivyoandikwa, na hana wajibu wa kuyasoma kwa namna nyingine.

Jambo la pili ni tofauti kati ya kuzoeleka na kujulikana. Miezi minane Hamadi alipungiwa mkono, na sote tukadhani hiyo ni ruhusa. Mkono wa mlinzi hauandikwi popote. Kosa hilo hilo tulilirudia tukiwa watu wazima, mbele ya meneja, tulipotoka ofisini kwake tukiwa tumefurahi kiasi cha kusahau kuomba karatasi. Naliona kuwa zito kuliko lile la Hamadi.

Kuhusu muda: picha ile ile ingetolewa Ijumaa, bila saa ya kuondoka, nina hakika isingemleta askari kifusini. Hamadi alijitetea kituoni kwamba safari za ndege ziko wazi kwenye programu za simu kama Flightradar24. Ni kweli kwa ndege za abiria, ambazo hutangaza zenyewe mahali zilipo kwa mawimbi ambayo mtu yeyote mwenye kipokezi anaweza kuyanasa. Ndege ya mgeni rasmi ni jambo jingine, na saa aliyoitangaza haikutoka kwenye programu yoyote. Ilitoka jikoni kwa shangazi.

Tulikosea pia tuliporudia mbele ya mkuu kwamba "ni picha tu". Watu wetu wanapaswa kujua uzito wa wanachokishika. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 picha na kumbukumbu za watazama ndege ziliwasaidia waandishi wa habari kufuatilia Gulfstream V yenye usajili N379P, iliyotumiwa na CIA, shirika la ujasusi la Marekani, kusafirisha watuhumiwa kwa siri. Nani anayeweza kusema picha zile zilikuwa picha tu? Mkuu yule hakuwa mjinga kuuliza. Jibu la haki lilikuwa kumwambia kwamba tunajua picha zinaweza kudhuru, na kumwonyesha tunachofanya ili zisidhuru. Siku ile hatukuwa na cha kumwonyesha.

Kilichosaidia ni daftari, na hapa nataka kwenda taratibu, kwa sababu daftari limewahi kuwafunga watu. Novemba 2001 huko Kalamata, Ugiriki, watazama ndege 14, Waingereza 12 na Waholanzi wawili, walikamatwa kwenye kambi ya jeshi la anga na kukaa rumande kwa wiki kadhaa. Maandishi yao ya namba za ndege ndiyo yaliyotumiwa kuonyesha kwamba ni majasusi. Aprili 2002 walitiwa hatiani wote: wanane walihukumiwa miaka mitatu, sita mwaka mmoja uliosimamishwa. Novemba mwaka huo mahakama ya rufaa iliwafutia. Mwaka mzima wa maisha yao ulikwisha hivyo, kwa sababu waliokuwa wakiwahoji hawakuwahi kukutana na mtu anayeandika namba za ndege kwa mapenzi.

Daftari la Hamadi nalo lilikuwa na namba, na kwenye namba afisa hakulegea. Alilegea kwenye Maoni. Namba zinaweza kuwa za yeyote. "Mkono umetikisika" ni ya mtu anayejaribu kujifunza kitu kigumu na anayejilaumu anapokikosa. Sidai kwamba safu moja ya daftari ni kinga, wala nisingependa mtu aiandike kwa ajili ya askari. Hamadi aliiandika kwa sababu alitaka mapanga yazunguke. Ukweli wake ulionekana kwa kuwa haukuandaliwa.

Na kilichoshindikana kabisa, ambacho hakuna barua iliyokirekebisha, ni kumlinda binamu. Aliyebeba kamera alikaa benchi saa sita, aliyebeba ufagio alikosa mshahara miezi mitatu. Kila mpenzi wa ndege ana mtu wake wa ndani: mpakiaji mizigo, dada wa tiketi, dereva wa gari la mafuta. Tunawauliza kwa furaha, nao wanatujibu kwa upendo, na hatari yote inabaki kwao. Hili ningetaka lisomwe kabla ya somo la mwanga, na sasa ndivyo ninavyofanya.

## Hali ilivyo sasa

Kifusi kimesawazishwa, barabara imepanuliwa. Kundi lina watu kumi na mmoja. Hakuna picha inayotoka kabla ya saa ishirini na nne kupita, ndege za serikali na jeshi hatuzipigi picha kabisa bila ruhusa ya maandishi, na hakuna anayemuuliza ndugu wa kiwanjani saa wala zamu. Binamu amerudi kazini. Hamadi amepata lenzi nyingine, fupi kuliko ile aliyouza, na mkono wake umetulia. Q400 yake ya mwezi uliopita ina maduara mawili ya ukungu kwenye injini na herufi za usajili zinasomeka zote.

Picha hiyo tumeiambatisha kwenye barua ya pili, iliyopokelewa masjala ya meneja mpya na kugongwa muhuri. Aliyeiandika ni muuguzi. Tuliipitia mstari kwa mstari kwenye baraza la shangazi, na kila alipoandika "kupiga" Hamadi alimwonyesha kwa kidole, naye akaongeza "picha".